Mshtarii Juu ya Mabati: Kupiga Picha za Sayari Hewa Isipotulia

Habari za jioni, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango. Asanteni kwa kuja, maana foleni ya Kampala saa hizi haina huruma.

Kila nikitoa darubini nje naulizwa: utapigaje picha ya sayari katikati ya taa zote hizi? Jibu ni kwamba taa haziisumbui Mshtarii. Anayetafuta galaksi ndiye ahamie kijijini. Mshtarii ina mwanga wa kutosha. Hata ukiwa Wandegeya, katikati ya taa za Kampala, utaiona. Kinachotuharibia picha ni hewa.

Mmeshatazama hewa iliyo juu ya sigiri yenye makaa, jinsi kitu kilichoko ng'ambo yake kinavyocheza? Basi ndivyo Mshtarii inavyocheza ndani ya darubini. Na mara nyingi mtikisiko huo hautoki mbali, unatoka hapa hapa nyumbani. Mabati na saruji vimekunywa jua mchana kutwa, na ikifika saa mbili usiku bado vinatoa joto. Ukiisimamisha darubini kwenye saruji ya uani, ukailenga juu ya paa la jirani, umeshapoteza usiku wako. Nenda kwenye nyasi. Ukiweza, ngoja mpaka saa saba au saa nane usiku, mabati yapoe. Na darubini yenyewe itoe nje saa nzima kabla ya kazi, kwa sababu kioo kilichotoka chumbani kikiwa na joto huvuruga hewa ndani ya bomba lake. Haya hayagharimu hata shilingi mia, na mimi nasema yanasaidia kuliko kununua kamera mpya.

Tuna bahati ambayo wenzetu wa Ulaya wanaililia. Mwaka 2020 Mshtarii ilikuwa mbali upande wa kusini. Mtu wa London aliiona ikipanda nyuzi 17 hivi tu juu ya upeo wa macho, na huko chini mwanga wake ulipita kwenye hewa zaidi ya mara tatu ya ile iliyoko utosini. Hapa Kampala, mwaka huo huo, ilipanda zaidi ya nyuzi 65. Ikweta inatupendelea. Ila hatupewi vyote: Machi hadi Mei mawingu yanatawala, na Ziwa Viktoria nalo lina mvua zake za usiku.

Sasa, hewa ikibaki mbaya baada ya hayo yote? Hapo ndipo penye ufundi. Hewa haitikisiki sawasawa muda wote. Kuna sehemu ndogo za sekunde inapotulia. Mwaka 1978 Mmarekani David Fried alikokotoa uwezekano wa kuidaka picha nzuri katika nafasi hizo. Kwa hiyo hatupigi picha moja, tunarekodi video. Kamera yangu inachukua fremu, yaani picha moja moja za video, 100 kwa sekunde. Sekunde 90 zinanipa fremu 9,000. Programu ya AutoStakkert, ambayo ni ya bure, inazipanga kuanzia iliyo safi hadi iliyoharibika. Usiku mbaya nabakiza asilimia 10 tu, yaani 900, nazo zinalundikwa kuwa picha moja. Chengachenga, yaani zile nukta nukta zinazochafua picha, zinapungua mara 30, kwa kuwa 30 ni kipeuo cha pili cha 900. Fremu 8,100 zinakwenda zake, na hakuna wa kuzililia.

Kwa nini nisirekodi dakika kumi nipate fremu nyingi zaidi? Kwa sababu Mshtarii inajizungusha kwa muda usiofika saa 10. Ndani ya dakika tano tu Doa Jekundu Kubwa, ile dhoruba kubwa ya Mshtarii, limeshasogea, na ukilundika utapata ukungu.

Msidhani huu ni mchezo wa watoto. Christopher Go, mpiga picha wa ridhaa wa Cebu, Ufilipino, nchi ya joto kama yetu, ndiye aliyegundua mwaka 2006 kwamba doa jingine la Mshtarii lililokuwa jeupe limegeuka jekundu. Aprili mwaka huo darubini ya Hubble ikalitazama.

Kuhusu kunoa picha kwenye kompyuta: muwe na kiasi. Nikiona Mshtarii ina duara jeupe ukingoni, najua mtu kaisukuma programu kupita inavyoweza. Mikanda miwili mikuu ya mawingu yake ikitoka vizuri usiku wa hewa mbaya, inatosha.

Ndiyo, dada, nimekusikia ukiuliza kama simu inaweza kazi hii. Inaweza. Ishike kwa kishikio kwenye lenzi ya kuchungulia, bonyeza juu ya sayari mpaka simu ifunge fokasi na mwanga, kisha punguza mwanga hadi mikanda ionekane. Simu ikijiamulia yenyewe itakupa kidoto cheupe tu. Rekodi video. AutoStakkert huenda ikaikataa faili ya simu, kwa hiyo ipitishe kwanza kwenye programu ya PIPP, nayo ya bure, iigeuze kuwa AVI, aina ya faili ya video ambayo AutoStakkert inaikubali.