Joto Lililofichwa Chini ya Barafu

Ndugu zangu, hii glasi iliyo mezani si ya kunywa. Chini nimeweka maji ya chumvi, yamekolea hasa. Juu yake nimemimina maji yasiyo na chumvi, yaliyotiwa rangi ya chai, taratibu, kupitia mgongo wa kijiko. Tazameni: hayajachanganyika. Sasa twende Antaktika.

Huko kwenye bara la barafu lipo bonde la mawe na mchanga mtupu, bonde la Wright. Milima ya Transantarctic imesimama kama ukuta, inaizuia barafu kuu ya mashariki isilifunike, na pepo kavu zinazoporomoka kutoka juu hufyonza hata ile theluji kidogo inayoanguka.

Mto wake, Onyx, una urefu wa kilomita 32 hivi. Hakuna mrefu zaidi barani humo, na hauendi baharini! Kiangazi, barafu iliyo upande wa pwani huyeyuka, maji yakaipa bahari mgongo, yakaishia Ziwa Vanda. Ziwa halina pa kutokea. Maji hupotea hewani, chumvi hubaki.

Vanda limefunikwa na barafu ya mita tatu na zaidi. Toboa, teremsha kipimajoto kwa kamba. Chini tu ya barafu ni karibu nyuzi sifuri. Endelea, pita mita 60, kinasoma karibu nyuzi 25. Maji ya kumwogesha mtoto, chini ya barafu ya Antaktika! Mimi kila nikilisema hili mwili unanisisimka.

Utadhani kuna moto wa ardhini. Lakini waliopima tope la sakafuni walikuta joto linapungua kadiri wanavyoshuka. Basi joto linatoka juu: ni jua. Mwanga wake hupenya barafu ile angavu, ukayapasha maji ya chini. Maji ya kawaida yakipata joto hupanda, yakapoa. Haya yamelemewa na chumvi, hayapandi, hivyo joto limejilimbikiza mwaka baada ya mwaka.

Humohumo bondeni kuna kidimbwi cha Don Juan, cha kina kifupi, cha kukanyagika, chenye chumvi iitwayo kalsiamu kloridi nyingi kiasi kwamba hata nyuzi 50 chini ya sifuri hakigandi.

Haya, njooni mezani mmoja mmoja muitazame glasi. Tafadhali, asiitikise mtu.