Kabla ya Gorila wa Uganda, Pandeni Gombe

(Mhadhara uliotolewa Kigoma mjini kwa wanafunzi wa sekondari wanaojiandaa kwa safari ya mafunzo, pamoja na wazazi na walimu wao)

Mwakeye! Wazazi wangu, walimu wenzangu, na ninyi wanangu mnaosafiri, asanteni kwa kuja. Najua Jumamosi ni siku ya soko, na wapo waliofunga vibanda vyao Mwanga na Ujiji ili wawe hapa. Sitawachosha.

Safari yenyewe mnaijua. Mwezi wa sita, shule zikifungwa, basi litaondoka Kigoma, lipite Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, Biharamulo hadi Bukoba, kisha mvuke mpaka Mutukula. Huko Uganda kuna mambo mawili: kuwafuata gorila kwa miguu katika msitu wa Bwindi, halafu kupanda sehemu ya chini ya milima ya Rwenzori. Mambo ya pasi, barua za ridhaa za wazazi na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, mwalimu wenu atayasema. Mimi nimeitwa kwa ajili ya wanyama na milima.

Sasa, hapo mlangoni mama mmoja kanishika mkono akaniambia, "Mwalimu, mwanangu hajawahi hata kufika Gombe. Unampeleka Uganda akaangalie nini?" Mama, swali lako ndilo mhadhara wangu. Vijana, nani kati yenu amewahi kufika Gombe? Nyoosheni mikono. ... Mnaona wenyewe. Mikono minne, na miwili ni ya walimu! Na Gombe, hifadhi yetu ya sokwemtu, ni boti tu kutoka ufukwe wa Kibirizi.

Watu wamekuja pale kutoka pande zote za dunia tangu Julai 1960, siku Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwemtu, aliposhuka ufukweni akiwa na miaka 26. Mwaka huohuo alimwona sokwemtu akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu na kulitoa limejaa mchwa, na wasomi wa Ulaya wakalazimika kufikiri upya walivyokuwa wakimweleza binadamu. Upande wa kusini, Mahale, Wajapani walianza utafiti wao mwaka 1965. Kwa hiyo ninyi mnatoka kwenye mkoa wenye historia ndefu ya kuwatazama sokwemtu kuliko karibu popote duniani. Mkifika Bwindi mkashangaa tu kama mtalii aliyeshuka kwenye ndege jana, mtakuwa mmetuaibisha.

Nianze na jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote: magonjwa.

Mwaka 1966 polio ilipita hapa Kigoma, wazee wanaikumbuka. Ilifika hadi Gombe. Sokwemtu kadhaa walikufa, wengine wakabaki na mikono au miguu iliyopooza, wakijiburuza chini. Watafiti walitafuta chanjo ya matone wakaiweka ndani ya ndizi, wakawalisha. Fikirieni kazi hiyo: kuhakikisha kila mmoja amekula ndizi yake, na mkubwa hajapora za wadogo! Mahale nako mwaka 2006 ulipita ugonjwa wa njia ya hewa, ukaua. Virusi vya namna hiyo ambavyo kwetu ni mafua ya wiki moja, kwa sokwemtu vinaweza kuwa msiba wa ukoo mzima.

Bwindi nao yamewakuta. Mwaka 1996 gorila walianza kunyonyoka manyoya, ngozi ikawa na magamba. Ulikuwa upele, uliotoka kwa watu. Gorila walikuwa wakitoka msituni kwenda kula migomba ya wanakijiji, na huko wakagusa nguo chafu, zikiwemo zile zinazovikwa sanamu za kutishia wanyama shambani. Mtoto mmoja wa gorila alikufa. Daktari wa mifugo aliyeshughulikia kisa hicho, Gladys Kalema-Zikusoka, Mganda, baadaye akaanzisha shirika la kutibu watu na wanyama kwa pamoja. Hoja yake ni nyepesi: huwezi kumlinda gorila ikiwa jirani yake binadamu hana dawa wala choo.

Ndiyo maana masharti ya Bwindi ni makali. Kundi la watazamaji halizidi watu wanane. Saa moja tu na gorila, basi. Mita kumi kati yenu na wao, barakoa usoni. Aliye chini ya miaka 15 haendi, na mwenye kikohozi au mafua anarudishwa langoni. Hapa nawageukia wazazi. Mgeni wa kutoka Ulaya hulipa dola 800 kwa saa hiyo moja. Sisi wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi za Uganda, kiasi kidogo mno ukilinganisha. Hata hivyo ni fedha mliyojinyima. Najua mtoto akiamka na mafua siku hiyo atataka kuficha, na mzazi kwenye simu atamwambia ajikaze. Nawaomba msimwambie hivyo.

Na masharti yanalipa. Mwaka 2008 gorila wa milimani duniani kote walikadiriwa kuwa kama 680. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 ilifikisha 1,063, kati ya Bwindi na safu ya milima ya Virunga. Kati ya nyani wakubwa, yaani gorila, sokwemtu na jamaa zao, ni wachache sana duniani ambao idadi yao inapanda.

Lakini msirudi na hadithi tamu tupu. Bwindi ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Wabatwa walioishi mle msituni vizazi na vizazi walitolewa, bila ardhi ya kuhamia. Wengi wao hadi leo ni maskini wa kutupwa kando ya msitu waliokuwa wakiujua kila mti. Watalii hupelekwa kutazama ngoma zao. Mkipelekwa, ngoma tazameni, kisha muulize: mnalima wapi? Watoto wenu wanasoma? Sheria ya Uganda inatoa asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi kwa vijiji jirani. Ulizeni kama inafika. Mwaka 2020 gorila maarufu aitwaye Rafiki aliuawa kwa mkuki na mwindaji aliyekuwa akisaka wanyama wadogo. Akahukumiwa miaka 11. Mtu anaingia msitu wenye ulinzi kiasi kile kutafuta kitoweo. Hilo nalo liandikeni.

Mama yangu wa mlangoni, hapa ndipo Gombe inaporudi. Hifadhi yetu ni ndogo, kama kilomita za mraba 50 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Goodall aliruka juu yake kwa ndege akaona vilima vyote vya jirani vimebaki vipara. Watu walikuwa wameongezeka, kuni na mashamba vinahitajika. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE, ambao haukuanza na sokwemtu. Ulianza na mambo ambayo wanakijiji wenyewe walisema wanayataka, maji, afya, shule. Baadaye ikaja mipango ya matumizi bora ya ardhi, misitu ya vijiji, na vijana wa kijijini wanaokagua msitu na simu mkononi. Mtoto aliyewahi kuongea na mkulima wa kahawa wa kijiji chetu cha Kalinzi atajua amwulize nini mkulima wa Bwindi. Asiyeongea naye atauliza gorila ana kilo ngapi.

Ndiyo sababu nimesisitiza kwa walimu: hakuna kuvuka Mutukula kabla ya kupanda Gombe. Na huko tutafanya kazi. Sokwemtu akishaacha kunyonya hutandika kitanda chake mwenyewe, yaani kiota, juu ya mti kila jioni; hukunja matawi, huyakanyaga yakae, kisha huongeza majani laini juu. Kesho yake hutandika kingine. Sasa ninyi mtatembea kwenye mstari ulionyooka, shingo juu, na kila mkikiona kiota mnapima umbali wake kutoka kwenye mstari na kuandika hali yake: majani bado mabichi, yamenyauka, yamekauka, au yamebaki matawi matupu. Ukijua kiota huchukua muda gani kuoza, unaweza kukadiria sokwemtu wa eneo bila kumwona hata mmoja. Ni kazi ya kuchosha, siafu wanaingia kwenye soksi, na uhifadhi kwa sehemu kubwa ndio huo.

Milima, kwa ufupi. Kilele cha Margherita, mita 5,109, hatuendi, msiniombe. Tutaishia kibanda cha Nyabitaba, takriban mita 2,650, usiku mmoja. Ziwa letu liko kama mita 770, kwa hiyo mapafu yenu ni ya pwani ya ziwa. Atakayeumwa kichwa na kutapika aseme mapema. Dawa ya kwanza ni kushuka. Rwenzori ni matope na mvua hata kiangazi, kwa hiyo raba za disko zibaki nyumbani. Nunueni gambuti pale sokoni, na mzivae kuanzia sasa ziwazoee miguu. Na kila siku jioni pandeni vilima vya hapa mjini mkiwa na begi mgongoni lenye chupa za maji. Mabodaboda watawacheka, wacheni wacheke.

Jumamosi ijayo tunakutana Kibirizi saa tatu asubuhi. Kila mmoja na daftari, penseli (wino wa kalamu hutawanyika ukilowa), barakoa mbili na chakula chake. Mwenye kikohozi abaki nyumbani, tutampeleka na kundi la pili. Mama, kama una nafasi na wewe njoo, boti ina viti. Haya, maswali.