Picha ya Leo na Picha ya Mwakani: Kufuatilia Glakoma kwa Picha za Retina

Wenzangu wa kliniki za macho, habari za asubuhi.

Nianze na jina, maana jina linatuponza. Ugonjwa huu wagonjwa wanauita presha ya macho, na sisi tukiwa na haraka tunauita hivyo hivyo. Mgonjwa anadhani ni presha ya damu iliyopanda hadi machoni, na akimeza dawa za presha anaona mambo yamekwisha. Mhudumu naye anapima presha ya jicho, anakuta 16, ambayo ni ya kawaida, anaandika "anaendelea vizuri" na kumpa tarehe ya miezi sita. Lakini glakoma ni ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa jicho. Presha ndiyo tunayoweza kuishusha, ila wapo watu ambao mshipa wao unazidi kufa huku presha ikisoma 16 kila wakija. Kwa hiyo kila mgonjwa anaporudi, swali la kwanza liwe hili: mshipa umebadilika tangu mara ya mwisho? Hilo huwezi kulijibu kwa kukumbuka. Unalijibu kwa kuweka picha mbili pamoja.

Mshipa huo una nyuzi zipatazo milioni moja. Zinatoka kila upande wa retina, pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, zinakusanyika kwenye diski, yaani mlango wa mshipa kutoka jichoni, zinajikunja ukingoni na kuelekea ubongoni. Bonde linalobaki katikati ndilo kikombe. Nyuzi zikifa ukingo unakonda na kikombe kinapanuka. Robo hadi theluthi ya seli zenye nyuzi hizo inaweza kuwa imekwisha kabla kipimo cha eneo la kuona hakijaonyesha kasoro ya wazi, na mgonjwa mwenyewe huchelewa kuliko hata kipimo. Katika utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, watu kama 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa na glakoma. Hao ni wengi mno kusubiri mashine ya bei kubwa ifike kila wilaya. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye kamera.

Kabla ya kupanua mboni, pima presha kwanza, kisha angalia kama mbele ya jicho kuna nafasi. Mulika tochi kutoka upande wa sikio, sambamba na uso. Upande wa pua wa iris, ile rangi inayozunguka mboni, ukibaki kivulini, nafasi hiyo (chemba) ni ya kina kifupi, na jicho hilo usilipanue mpaka pembe yake, pale maji ya jicho yanapotoka, ichunguzwe. Kama nafasi ipo, tone la kupanua mboni, tropikamaidi asilimia 1, linatosha. Subiri dakika 20 hadi 30, na kwa macho yetu yenye iris nyeusi usishangae kusubiri zaidi au kuongeza tone la pili. Mwambie mgonjwa wazi: jicho likiuma, likiwa jekundu, ukatapika, rudi leo leo.

Sasa piga picha ukijua kwamba mtu mwingine atairudia mwakani. Hapo ndipo tunapoharibu. Picha ya kwanza imepigwa kwa upana wa digrii 45, ya pili kwa 30, moja diski iko katikati, nyingine iko pembeni, na mpigaji alielekeza kamera kwa pembe tofauti. Kamera ikihama kidogo tu, mishipa ya damu inaonekana imehama nayo. Mwanga ukizidi, ukingo unafifia na kikombe kinaonekana kimepanuka, kumbe hakuna kilichopanuka. Kwa hiyo andika kwenye faili: kamera gani, upana gani, mwanga kiasi gani, mboni ilipanuliwa au la. Piga walau picha mbili kwa kila jicho, diski ikiwa katikati, na moja zaidi kwa mwanga wa kijani, kwa sababu katika mwanga huo tabaka la nyuzi linang'aa na pengo lake linaonekana kama kabari nyeusi inayotoka kwenye diski.

Wanaotumia simu na lenzi ya mkononi ya dayopta 20 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi) wanaweza kupata picha nzuri kabisa ya diski. Nakuru, Kenya, kifaa cha simu cha kupiga picha za diski kilipimwa kwa kulinganishwa na kamera ya kawaida, na matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Ila kumbuka picha inayopita kwenye lenzi ya dayopta 20 imepinduliwa: juu iko chini, kulia iko kushoto. Kama hukuigeuza kabla ya kuihifadhi, andika hivyo kwenye faili. Vinginevyo mwenzako atasoma ukingo wa chini umekonda wakati uliokonda ni wa juu.

Na hapa kuna mtego wa lugha yetu. Tunaeleza diski kama uso wa saa. Jicho la kulia huharibika mapema kwenye namba 7, la kushoto kwenye namba 5, yaani chini upande wa sikio. Lakini mshale ukiwa kwenye 7 Mswahili husema saa moja. Nimesema namba 7, wewe ukaandika saa 7, msomaji akaitafuta juu kwenye namba 1. Andikeni "namba 7 ya uso wa saa" au "chini-sikioni". Ni herufi chache, zinaokoa ripoti nzima.

Tuangalie jozi hii ya jicho la kulia iliyo ukutani. Wengi mmekwenda moja kwa moja kwenye kikombe mkitaka kusema 0.6 au 0.7, yaani kipenyo cha kikombe kikigawanywa kwa cha diski. Hicho kiwango kiandikeni, lakini msikitegemee kuthibitisha mabadiliko, maana wachunguzi wawili wakitazama diski moja siku moja wanaweza kutofautiana kwa 0.1 hadi 0.2. Tena diski za watu wenye asili ya Afrika kwa wastani ni kubwa, na diski kubwa huwa na kikombe kikubwa bila ugonjwa wowote. Tazameni ukingo. Kwa kawaida huwa mnene zaidi chini, kisha juu, kisha upande wa puani, na mwembamba upande wa sikioni. Hapa, kwenye namba 7, picha ya kwanza ina utepe wa rangi ya chungwa. Katika ya pili utepe umekatika, kuna pengo jembamba kama alama ya ukucha. Fuateni sasa kimshipa cha damu kinachopita hapo. Kwanza kilikuwa kimelala ukingoni. Sasa kinapiga kona kali, kinazama, kinatokea tena pembeni. Hakikuhama kwa kupenda. Kilichokuwa kimekibeba kimekwisha.

Kitu kingine msikipite ni damu iliyopo ukingoni mwa diski, mstari mwembamba kama mwali wa moto, mara nyingi huko huko chini-sikioni. Hukaa wiki kadhaa hadi miezi miwili au mitatu kisha hufutika, kwa hiyo aliyeiona asipoipiga picha, imepotea. Jicho lenye damu hiyo liko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuendelea kuharibika. Sipendi kuona imeandikwa "damu kidogo, haina shida".

Njia bora ya kulinganisha ni kuziweka picha kwenye kompyuta moja juu ya nyingine, mishipa ya damu ikilingana, kisha kuzibadilisha huku na huku haraka haraka. Kisichobadilika kinatulia. Kilichobadilika kinarukaruka, na jicho lako linakishika bila kuambiwa.

Sasa mashine ya OCT, inayopiga picha za tabaka za retina. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Inafanya kwa mwanga kile ultrasaundi inachofanya kwa sauti, na mashine za leo hutenganisha tabaka kwa takriban maikromita 5 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Kwa glakoma inachora duara la kipenyo cha milimita 3.4 hadi 3.5 kuzunguka diski na kupima unene wa tabaka la nyuzi. Jicho lenye afya la mtu mzima huwa na wastani wa maikromita 90 hadi 100, na umri peke yake hupunguza kama nusu maikromita kwa mwaka.

Rangi mnazoziona kwenye karatasi ya majibu, nyekundu kwa tabaka jembamba kupita kawaida na kijani kwa la kawaida, zinamlinganisha mgonjwa na watu wengine, na katika kundi hilo la watu wengine Waafrika mara nyingi ni wachache. Mwenye macho ya kuona karibu tu anaweza kupewa nyekundu bila ugonjwa. Aliyeanza na nyuzi nyingi anaweza kupoteza nyingi akabaki kijani. Kwa ufuatiliaji, mlinganishe mgonjwa na yeye mwenyewe.

Piga skani mbili nzuri mwanzoni, ziwe msingi. Tuseme zimesoma 86 na 84. Mwaka unaofuata anasoma 83: hapo hakuna la kusema, mashine yenyewe huyumba kwa maikromita 4 au 5. Halafu 79. Rudia skani, siku hiyo hiyo au wiki chache baadaye. Ikisoma 78, sasa una mabadiliko. Ila wastani huficha: unaweza kushuka kwa 2 tu wakati kipande cha chini-sikioni kimeshuka kwa 15. Soma kila kipande.

Kabla ya kuamini namba yoyote, tazama picha yenyewe. Nguvu ya mawimbi ikoje? Kwenye mashine zinazotoa alama juu ya 10, chini ya 6 rudia. Jicho kavu linashusha nguvu hiyo, na tone la machozi ya dukani mara nyingi linatosha kuirudisha. Mtoto wa jicho anaishusha pia, na tabaka linasomeka jembamba kuliko lilivyo; ukimtoa, namba "inapanda". Baada ya upasuaji huo anza msingi mpya. Angalia duara liko katikati ya diski, na mistari ya mashine imefuata tabaka, haikuruka wala kuporomoka hadi sifuri. Na usichanganye mashine za kampuni mbili kwenye mfululizo mmoja.

Ikifika karibu maikromita 50 hadi 60, namba haishuki tena, kwa sababu kinachobaki ni mishipa ya damu na tishu za kushikilia. Mgonjwa anaweza kuwa anapofuka huku skani ikionyesha mstari ulionyooka. Hapo hamieni kwenye seli za makula, sehemu ya katikati ya retina, na kipimo cha eneo la kuona. Kwa mgonjwa mpya, vipimo 6 vya eneo la kuona katika miaka 2 ya kwanza ndivyo vinavyomkamata anayeharibika haraka.

Kuhifadhi. Jina la faili liwe namba ya mgonjwa, jicho, kisha mwaka-mwezi-siku. Nakala mbili, sehemu mbili, kwa sababu simu huibiwa na kompyuta hufa. Ukimtumia mwenzako kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, ukiituma kama picha hubanwa na utepe ule wa namba 7 hauonekani tena. Mgonjwa apewe yake iliyochapishwa. Anayehama kutoka Lindi kwenda Mwanza asianze upya.

Mabadiliko yakithibitika, usiongeze dawa kabla hujamwomba adondoshe tone mbele yako. Wengi hulidondosha shavuni, au chupa iliisha zamani na hela ya nyingine hakuna. Kama tatizo ni hilo, fikirieni leza ya kushusha presha ya jicho mapema: katika utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2021, baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kwenye macho kama 6 katika 10, matone ya timolo kama 3 katika 10. Kisha weka presha lengwa mpya iliyo chini ya ile ya mwanzo, mpe tarehe ya karibu, na ndugu zake wa tumbo moja waitwe wapigwe picha nao.