Namba ya Siri ni ya Mtu, si ya Nyumba

Ndugu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wajumbe, wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada zangu, habari za jioni. Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Fundi, njoo utufundishe alamu." Nikamwomba anipunguzie mzigo, maana alamu ni shamba kubwa. Jioni hii nitalima tuta moja tu: zile tarakimu mnazobonyeza kwenye kibao cha ukutani mkiingia ndani. Nimechagua hilo kwa sababu si mara moja wala mbili nimeitwa kwenye nyumba iliyoibiwa Dar es Salaam hii hii, nikakuta alamu nzima, betri nzima, king'ora kizima. Ilikuwa imeteguliwa, yaani imezimwa, kwa namba halali.

Nianze na nyumba moja, sitasema ilipo. Mama mwenye nyumba alikuta dhahabu yake haipo kabatini. Mlango haukuvunjwa, alamu haikulia. Nilipofika, dada wa kazi alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, begi lake limemwagwa lote sakafuni, analia. Nikaombwa nisome kumbukumbu ya paneli, yaani lile boksi lenye ubongo wa alamu. Paneli hutunza matukio: alamu imetegwa, yaani imewashwa, saa ngapi, imeteguliwa saa ngapi, na mtumiaji wa ngapi. Nikasoma: imeteguliwa saa nane na dakika kumi mchana, mtumiaji wa kwanza. Huyo mtumiaji wa kwanza ni nani? Ni baba, ni mama, ni watoto watatu, ni dada, ni shemeji aliyekuja kusalimia Pasaka, ni fundi wa friji, ni kijana wa bustani. Wote walikuwa wakibonyeza namba ile ile. Paneli ilisema kweli, lakini kweli yake haikumfaa mtu. Yule binti aliondoka siku ile na begi lake na jina la mwizi. Mpaka leo hakuna anayejua kama alichukua au hakuchukua.

Hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonileta hapa. Tunapozungumzia namba za siri, wengi tunamfikiria mwizi wa usiku. Mimi namfikiria pia yule asiye na hatia ambaye namba yake mwenyewe, kama angepewa, ingemtetea. Ukimpa dada wa kazi namba yake, hujamtilia shaka. Umempa shahidi.

Sasa tuifungue paneli. Kwa kawaida ndani yake kuna madaraja matatu ya namba. Kuna namba ya fundi: hii inaingia kwenye mpangilio wenyewe, yaani kitambuzi gani, kile kinachohisi mtu akipita au mlango ukifunguka, kiko wapi, king'ora kilie dakika ngapi, simu ipigwe wapi. Kuna namba kuu, ambayo sisi mafundi tunaiita masta: hii ni ya mwenye nyumba, na kazi yake kubwa ni kuzaa namba nyingine na kuziua. Halafu kuna namba za watumiaji, ambazo zinatega na kutegua, basi. Watu wengi hawajui kwamba hizi za tatu zipo. Wanakabidhiwa masta siku ya kwanza, wanaitumia kufungulia mlango, wanampa kila mtu. Ni kama kumpa mgeni hati ya kiwanja ili aingie getini.

Na masta yenyewe inatoka wapi? Inatoka kiwandani. Paneli za kampuni kama DSC, Paradox na Honeywell zile za Vista, ambazo mafundi wengi tunazifahamu, nyingi zinafika kwenye boksi zikiwa na namba kuu 1234. Namba hiyo imechapwa kwenye kitabu cha maelekezo, na kitabu kiko kwenye intaneti, anakisoma yeyote. Namba ya fundi nayo imechapwa humo humo. Nasema hili nikiwa fundi, na nasema kwa uchungu: wapo wenzetu wanaomaliza kazi, wanakunja ngazi, wanaondoka, na 1234 bado iko hai. Wapo pia wanaoweka namba moja ya fundi kwenye nyumba zote walizofunga. Anayeijua ya nyumba moja anazijua za nyumba zote. Ukimwajiri fundi, muulize hilo mapema, kabla hajatoboa ukuta. Fundi mwaminifu hakasiriki.

Kuibadilisha masta si kazi ya kutisha. Kwenye DSC nyingi za PowerSeries, kwa mfano, unabonyeza nyota, kisha 5, kisha namba kuu uliyonayo, halafu nafasi ya mtumiaji unayemtaka, yaani mahali pake kwenye orodha ya paneli. Nafasi ya 40 ndiyo ya namba kuu. Unaingiza namba mpya, umemaliza. Paneli nyingine zina njia zake, lakini sijaona paneli ya nyumbani ambayo mtu anayeweza kutuma pesa kwa simu atashindwa kuibadilisha.

Tena nimetaja pesa kwa simu. Mama zangu, nisikilizeni hapa. Wengi mnatumia namba moja kwa alamu na kwa M-Pesa. Ukimtajia dada namba ya alamu ili afungue mlango mtoto akirudi shule, umemtajia na pochi yako. Tenganisheni, leo leo.

Na namba yenyewe iweje? Mwaka 2012 mchambuzi mmoja wa takwimu, Nick Berry, alichambua namba za siri za tarakimu nne zilizokuwa zimevuja, zipatazo milioni 3.4. Aliona kwamba 1234 peke yake ni karibu asilimia 11. Baada yake inafuata 1111, karibu asilimia 6. Miaka ya kuzaliwa, ile inayoanzia na 19, imejaa tele. Namba zinazowezekana kwa tarakimu nne ni 10,000, lakini sisi wanadamu tunabanana kwenye kipembe kimoja cha hizo, na mwizi anaanzia hapo hapo. Kama paneli yako inakubali tarakimu sita, chukua sita: unatoka 10,000 unaingia 1,000,000.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Angalieni vitufe vya kibao chenu mkirudi nyumbani. Kama vinne vimechujuka na sita bado ving'avu, mwizi hahitaji tena kujaribu 10,000. Kwa vitufe vinne vinavyojulikana, bila kurudia, mipangilio ni 24 tu. Nimeona kibao ambacho vitufe vimechujuka kiasi kwamba mtoto wa darasa la pili angesoma namba ya nyumba ile. Hapa kila mtu kuwa na namba yake kunasaidia tena: vidole vinatawanyika, vitufe vinachakaa kwa usawa. Na kifuteni kibao, kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha.

Tukubaliane sasa namna ya kugawa. Baba namba yake, mama yake, kila mtoto mwenye umri wa kurudi peke yake namba yake, dada yake. Andika kwenye daftari nafasi na majina: nafasi ya 3 ni fulani, ya 4 ni fulani. Usiandike namba zenyewe. Hilo daftari ndilo litakalokusaidia kusoma kumbukumbu, na ndilo litakalokuonyesha nani wa kufutwa akiondoka. Paneli nyingine zinakuruhusu kumwekea mtu mipaka. Kuna namba inayoweza kutega tu na isiyoweza kutegua: inamfaa anayetoka wa mwisho. Kuna namba ya mgeni ambayo inategua pale tu ambapo yenyewe ndiyo iliyotega. Ulizeni kama yenu inazo.

Kufuta ndiko tunakoshindwa. Dada akienda kwao Iringa likizo na asirudi, namba yake inabaki inaishi ukutani kama kivuli. Mpangaji amehama, namba yake ipo. Fundi wa dari amemaliza, namba yake ipo. Sheria yangu ni rahisi: mtu akirudisha ufunguo, namba yake ife siku hiyo hiyo, hata kama mmeachana kwa amani. Hasa kama mmeachana kwa amani, maana ndiyo hali inayotusahaulisha. Lakini sishauri kubadilisha namba za wote kila mwezi kwa kufuata kalenda. Watu wakichoshwa wanaziandika kwa kalamu pembeni ya kibao, nimeziona. Hata taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 iliacha kupendekeza kubadilisha maneno ya siri ovyo bila sababu. Badilisha kwa sababu: mtu ameondoka, namba imesikika, simu imeibiwa.

Niguse namba ya dhiki. Paneli nyingi zinayo. Ukishikwa mlangoni na mtu mwenye panga akakuamuru utegue, unabonyeza namba hiyo. Alamu inateguka kimya kama kawaida, lakini ujumbe unakwenda kwa kampuni ya ulinzi. Kuna uvumi unaozunguka kwenye WhatsApp kwamba ukiingiza namba ya benki kinyumenyume kwenye mashine ya pesa, polisi wanaitwa. Si kweli. Msiuamini uvumi huo siku ya shida. Ya paneli ni ya kweli, ila haiji yenyewe: lazima iwekwe, na lazima paneli iwe imeunganishwa na mtu atakayepokea. Ijaribuni mkiwa mmeitaarifu kampuni kwanza. Na isifanane na namba yako ya kila siku kwa tofauti ya tarakimu moja, kidole kitateleza na askari watakuja mbio bure. Mara ya tatu hawatakuja.

Kwa wenye alamu zinazoendeshwa kwa simu, swali langu ni moja: akaunti imefunguliwa kwa barua pepe ya nani? Ndugu zetu walioko Muscat au Marekani wanajenga hapa, fundi anafunga, anasajili kwa barua pepe yake "ili iwe rahisi". Kuanzia hapo mwenye nyumba halisi ni fundi. Sajili mwenyewe, kisha mwalike fundi kama mgeni, kisha mtoe. Na neno la siri la kiwandani liondoke. Mwaka 2016 kirusi cha kompyuta kiitwacho Mirai kiliteka kamera za ulinzi na rekoda zake nyingi mno duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani. Uingereza wamelichukulia jambo hili kwa uzito hadi sheria yao, iliyoanza kutumika Aprili 29, 2024, inakataza kuuza vifaa vya nyumbani vya intaneti vyenye neno moja la siri linalofanana kwa vyote. Sisi tusisubiri sheria, kibao kiko ukutani kwetu.

Mama pale nyuma ameuliza akiisahau namba kuu afanyeje. Asante mama, hilo linawakuta wengi. Fundi mwenye namba ya fundi anaweza kukuwekea masta mpya. Naye akiwa hapatikani, paneli nyingi zinaweza kurudishwa kwenye hali ya kiwandani kwa kufungua lile boksi la chuma, lakini mpangilio wote unafutika na kazi inaanza upya. Ndiyo maana boksi likae kabatini, lifungwe, na ufunguo wake uwe kwako. Ubaya unakuja pale fundi wa kwanza alipoifungia paneli isirudishwe kwenye hali ya kiwandani bila namba yake: kwa baadhi ya paneli utalazimika kununua bodi nyingine, yaani ile sahani ya umeme iliyo ndani ya boksi. Kwa hiyo kabla hujamlipa fundi kile kiasi cha mwisho, mwambie akukabidhi namba ya fundi ndani ya bahasha, uijaribu yeye akiwepo, kisha uifunge bahasha na kuiweka pamoja na hati za nyumba.

Paneli hii hapa mezani nimeiwasha, na masta yake bado ni 1234. Mama, kwa kuwa umeuliza, njoo wewe uwe wa kwanza kuibadilisha. Wengine tutageuza nyuso.