Kabla ya Poti, Suruali

Hamjambo walezi, hamjambo wazazi. Asanteni kwa kufika. Najua Jumamosi ni siku ya kufua, na kuna waliokuja na watoto mgongoni. Wakilia msihangaike kutoka nje, kazi yangu naifanya katikati ya kelele hizo kila siku.

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kumfundisha mtoto mdogo kwenda choo. Nitaanza na suruali. Nikizunguka deikea, vituo vya kulelea watoto mchana, za hapa Nairobi, kuanzia Mukuru hadi Kawangware, nakuta poti, vile vyoo vidogo vya watoto, zimepangwa vizuri ukutani. Pembeni yake nakuta mtoto wa miaka miwili na nusu kavishwa jinzi ya kifungo, zipu na mshipi juu. Huyo mtoto anajua kabisa kwamba susu inakuja. Anakimbilia poti, anashika kifungo, anavuta, anazunguka, na mlezi yuko kona ile anamlisha mwingine. Susu haingoji. Jioni mama akija anaambiwa, "Huyu wako bado hajajua choo."

Choo anakijua. Kifungo ndicho kilichomshinda.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa wazazi: mleteni mtoto na suruali ya lastiki, au kaptura, au gauni. Mshipi na ovaroli ziwekeni za kwenda kanisani. Na msianze mafunzo haya mwezi wa saba. Mnaijua baridi ya Nairobi ya Juni na Julai: taitsi, suruali juu ya taitsi, sweta limefunika vyote viwili. Hata mtu mzima angechelewa.

Sasa kuvaa kwenyewe tunakufundisha vipi? Anzia mwisho. Piga magoti nyuma ya mtoto, si mbele yake, ili mikono yako na yake ielekee upande mmoja. Mwingize miguu wewe, pandisha suruali mpaka mapajani, kisha chukua vidole gumba vyake uvitie ndani ya lastiki, kimoja kila ubavu. Mwambie, "Vuta." Ataivuta, mbele itakaa sawa na nyuma itakwama matakoni. Hukwama hapo karibu kila mara. Usimmalizie. Hamisha mkono wake mmoja uende nyuma, useme tena, "Vuta." Ikipanda, amevaa mwenyewe, na utauona uso wake. Akishazoea, unamwachia suruali magotini, baadaye kwenye vifundo vya miguu. Ukianzia mwanzo, unamwachia mtoto sehemu ngumu, anachoka, unamalizia wewe, na anachojifunza ni kwamba shangazi, yaani mlezi wake, humalizia.

Kuvua huja kabla ya kuvaa. Soksi na kofia mtoto wa mwaka na nusu huzitoa bila kufundishwa, hata usipotaka. Vifungo vingojee miaka mitatu, minne. Kamba za viatu, mitano au sita. Kijiko nacho, mpe uji mzito, uji mwepesi humwagika kabla haujafika mdomoni. Hayo mnayajua, nisiwachoshe.

Turudi kwenye poti. Kila ninapozungumza kuna nyanya mmoja husimama aseme, "Wangu wote walijua choo kabla ya kutembea." Vijana hucheka. Msimcheke. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti wa Marten deVries na mwenzake kuhusu Wadigo wa Pwani yetu. Mama Mdigo alianza mtoto akiwa na wiki chache tu. Alikaa chini, akanyoosha miguu, akamweka mtoto katikati, akatoa ule mlio wa "shuu". Mtoto akazoea mlio na mkao, na akifika miezi mitano, sita, alikuwa anakaa mkavu mchana na usiku. Kwa hiyo nyanya hasemi uongo.

Ila tazameni kilichowezesha. Mtoto alikuwa mwilini mwa mama au dada yake siku nzima, na mtu mzima ndiye aliyesoma dalili: kujinyonganyonga, kunyamaza ghafla. Mtoto mmoja, macho mawili yanayomwangalia yeye tu. Mlezi wa deikea ana watoto kumi au zaidi, na mama alirudi kazini likizo yake ya uzazi ilipoisha, miezi mitatu kwa sheria yetu. Huwezi kusoma dalili za watoto kumi kwa wakati mmoja. Hapo ndipo mimi hukubaliana na Brazelton, daktari Mmarekani aliyefuatilia watoto zaidi ya 1,100 na kuchapisha matokeo mwaka 1962. Yeye alisema mngojeeni mtoto awe tayari, na wengi wa watoto wale walikuwa wameshajua choo cha mchana kati ya miaka miwili na miwili na nusu. Katika deikea hatuna budi kungoja mpaka mtoto aweze kufanya sehemu yake mwenyewe, kwa sababu sisi hatuna mikono ya kuifanya kwa niaba yake.

Utajuaje yuko tayari? Anakaa mkavu kama saa mbili hivi. Anaelewa "lete kiatu" na anakileta. Anajificha nyuma ya pazia akitaka kwenda haja kubwa. Mtoto anayejificha ameshajua mwili wake unafanya nini. Na anaweza kushusha suruali. Akiwa na dalili hizi, mkalishe kwenye poti dakika chache baada ya uji au chakula cha mchana, maana tumbo likijaa utumbo nao huamka. Dakika tano zatosha. Nimeona watoto wamekalishwa kwenye poti nusu saa, mstari mzima, alama ya poti imechorwa matakoni. Huko ni kuwatuliza watoto mlezi apumzike, na tuseme hivyo.

Choo cha shimo cha ploti kiacheni kwanza. Kina giza, shimo ni pana kuliko mtoto, na hofu yake ni ya haki: anaweza kutumbukia. Tumia poti, kisha kinyesi kimwage chooni, si mtaroni. Watu huniambia kinyesi cha mtoto hakina ubaya. Kina minyoo na vijidudu vya kuhara kama cha mtu mzima. Najua maji ni ya kununua kwa mtungi. Kwa hivyo ning'inizeni kibuyu chirizi, chombo cha kunawia kinachochiriza maji kidogo kidogo, hata cha chupa iliyotobolewa, na kipande cha sabuni kando yake, kimoja chini kwa urefu wa mtoto. Maji machache yanatosha mikono mingi. Wasichana wafuteni kutoka mbele kwenda nyuma, kila mara.

Akijikojolea, mpe nguo kavu avae mwenyewe, pangusa sakafu, basi. Kumchapa au kumwaibisha mbele ya wenzake mtoto hakumfundishi choo, kunamfundisha kubana. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 29, imekataza adhabu ya viboko, hata kwa mtu wa miaka miwili. Anayebana haja kubwa kinyesi hukauka, kikitoka kinamuumiza, kesho anabana zaidi. Ukiona mtoto anasimama kwa vidole vya miguu huku amekaza matako, usidhani anasukuma. Anazuia. Mpe maji, papai, maembe, mboga, na umpeleke kliniki ikizidi. Poti iwekwe kando kwanza.

Mzazi, hapa nakugeukia. Mchana anavaa chupi, jioni kwenye matatu unamfunga nepi, wikendi nzima nepi, Jumatatu unaniuliza mbona harudi alikofika. Nepi ya rejareja ya duka la jirani nayo ni pesa. Kubalianeni na mlezi juu ya neno moja, kama ni susu iwe susu nyumbani na deikea, na safarini mpeleke kabla ya kupanda gari. Mkitoka ushago Januari atakuwa amesahau kidogo, kule alikuwa anachutama nyuma ya boma na hakuna aliyemuuliza. Vivyo hivyo akizaliwa mdogo wake. Mpe wiki chache.

Usiku msinihesabie katika haya yote. Kwa watoto wetu hawa wa deikea, ukavu wa usiku huja na umri, haufundishwi kwa poti, na madaktari kwa kawaida hawauiti ugonjwa kabla ya miaka mitano. Tandika nailoni chini ya shuka, ulale.

Naona mikono imeshainuka. Tuanze na mama mwenye leso ya kijani, halafu yule mlezi wa kiume, niko na hamu ya kumsikia.