Mdomo wa Mtungi

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za jioni.

Nimekuja na mtungi huu. Upokezaneni, msiogope, ni mtupu. Unaingia lita tatu na kidogo. Mtu mzima akishateketezwa, kinachobaki ni mifupa iliyosagwa, kilo mbili hadi tatu hivi, naye humu anaenea. Nilipoanza kufinyanga mitungi ya majivu, kipimo hicho kilininyima usingizi. Mtungi wa maji wa mama yangu ulikuwa mkubwa kuliko huu.

Najua wengi wetu hapa Nairobi jambo hili linatutisha. Profesa Wangari Maathai alipofariki mwaka 2011, mwili wake ulilazwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, ukapelekwa Kariokor kuteketezwa. Wengi walishangaa. Mimi nilijiuliza swali la mfinyanzi: majivu yale yatatiwa katika nini?

Kazi yenyewe ni ya polepole. Naviringisha udongo mrefu kama nyoka, nauzungusha, duara juu ya duara, na kila duara nalisubiri likaze kidogo ndipo libebe la juu yake. Sisi tunasema mtungi una kitako, tumbo, shingo na mdomo. Sasa shinda kutwa unapapasa tumbo na shingo, huku unajua kitakachoingia humo. Utamkumbuka uliyemzika, na mwisho utajifikia mwenyewe.

Mdomo ndio ulionifunza. Mtungi wangu wa kwanza niliupa shingo nyembamba, nzuri kweli kweli. Mama mmoja akaununua kwa ajili ya mumewe. Baada ya miezi kadhaa akarudi. Walikwenda kumwaga majivu mtoni, mkono wake haukupita. Ikabidi amchote mumewe kwa kijiko cha chai. Hakunilaumu. Alisema tu, “Nilitaka kumshika.” Nililia siku ile, na tangu hapo kila mdomo naupima kwa ngumi.

Halafu moto. Udongo ukishapita nyuzi 600 hivi haurudi tena kuwa tope, hata uuloweke mwaka mzima. Tanuri la kuchomea maiti hupanda hadi nyuzi 800 au 1000, na joko langu nalo linacheza humo humo. Mwenye mtungi na mtungi wake wamepita moto mmoja. Kila ninapofungua joko na kukuta mitungi imepona, nakaa chini kwanza.

Wangu mwenyewe ninao, sijauchoma. Kila mwaka nauvunja, nauloweka, naufinyanga upya, maana udongo uuwahi ungali maji. Mwaka huu nilikuwa naumalizia mdomo, binti yangu akaja, akaingiza ngumi yake.

“Mama, panua kidogo.”

Nikalowesha vidole, nikapanua.