Piki ya gitaa yenye majivu ya mpendwa wako, hatua kwa hatua

Karibuni tena mezani. Leo tunatengeneza piki ya gitaa, kile kipande kidogo cha kukwanyulia nyuzi, yenye majivu ya marehemu ndani yake, na nataka iwe piki ya kupigia kweli. Kidani au kichupa cha majivu kinawatosha wengi, sina neno. Lakini mtu aliyeishi na gitaa mapajani, ukumbusho wake una haki ya kusikika.

Majivu mnayoyaona hapa ni ya mzee aliyepiga rithimu karibu maisha yake yote. Piki itakuwa ya mwanawe, ambaye naye anapiga. Familia imeniruhusu kurekodi.

Vifaa haraka haraka: glovu, barakoa, kalibu ya silikoni yenye umbo la piki, vikombe vya kuchanganyia, vijiti, sindano, msasa, na epoksi, yaani resini ya chupa mbili, A na B, inayoganda zikichanganywa. Kalibu hizi nauza, maelezo yako chini ya video. Kitu kimoja tu: usitumie ile resini inayogandishwa kwa taa ya UV. Mwanga wake haupenyi majivu, kwa hiyo juu inakauka vizuri na chini ya majivu inabaki ikinata.

Zima feni. Sasa hivi, kabla hujafungua mfuko.

Wengi wanategemea kukuta majivu laini ya kuni, kisha wanashtuka. Tanuri hupita nyuzijoto 760, na kinachobaki ni madini ya mifupa, hasa kalsiamu fosfeti, ambayo husagwa kwa mashine. Ndiyo maana yana chenga kama mchanga. Mtu mzima huacha takribani kilo 2 hadi 3. Sisi tunachota robo ya kijiko cha chai. Yaliyobaki funga, rudisha kwenye chombo chake, kiondoe kabisa mezani. Kikombe kikimwagika leo, kimwagike cha resini.

Mwaga kiasi ulichochota kwenye karatasi nyeupe. Funika sumaku kwa kipande cha karatasi, ipitishe juu taratibu. Mara nyingine kuna vipande vidogo vya chuma vilivyosalia. Sogeza kamera... mnaona kile cheusi kilichodaka? Kitoe. Kisha weka majivu kwenye kinu kidogo cha kauri, na mchi uzungushe, usipige, maana ukipiga yanaruka. Chekecha kwa chujio la matundu madogo. Chenga zilizogoma kupita hazitupwi, zinarudi kwenye mfuko na wenzake. Acha majivu yakauke vizuri chini ya taa yenye joto, kwa sababu unyevu ukiingia kwenye epoksi unaleta mapovu.

Sasa fungua dirisha, vaa glovu. Changanya A na B kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye chupa zako, si kwa vipimo vya rafiki yako. Koroga polepole dakika 3 nzima, ukikwangua kuta na kitako cha kikombe. Usipige kama unapiga mayai. Mimina tabaka la kwanza, jembamba, karibu milimita 1, bila majivu.

Subiri, subiri. Pale pembeni kushoto, kamera imekiona kabla yangu, kuna kiputo. Sindano... kitoboe juu juu, usichimbe. Haya, kimetoka. Kagua kingo zote, maana kiputo kikibaki ukingoni kitakuwa pengo litakalokwaruza uzi wa gitaa.

Hapa tunangoja. Saa 3, 4, hata 5, inategemea epoksi na joto la chumba. Wakati tunangoja niwajibu wale wanaoniuliza kama kuna santuri yenye majivu. Ndiyo, ipo: kampuni ya And Vinyly ya Uingereza, ya Jason Leach, huweka majivu ndani ya santuri wakati wa kuigandamiza. Santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika inachukua takribani dakika 22 kila upande, kwa hiyo unaweza kuweka nyimbo alizozipenda au hata sauti yake akizungumza. Kwa mtu aliyekuwa msikilizaji, naona ni zawadi nzuri sana. Kwa mpigaji, mimi bado nachagua piki, kwa sababu inaingia katikati ya vidole na kufanya kazi.

Turudi mezani. Hatua hii ndiyo inayoharibu piki nyingi, kwa hiyo nisikilizeni. Usinyunyize majivu resini ikiwa bado maji: yatazama mpaka chini na kutokeza upande wa pili. Gusa ukingo kwa kijiti. Kikitoka na uzi wa resini, bado. Ngoja tena. Gusa tena... mnaona? Uzi upo. Bado. Nawaomba msiwe na haraka hapa. Tunataka kijiti kiache alama, kisitoke na kitu.

Sasa. Alama ipo, uzi hakuna. Kata kipande cha karatasi ngumu, funika theluthi ya chini ya piki, yaani ncha. Ncha haipati majivu hata chembe. Kwanza, chenga ngumu kwenye ncha zinakwaruza nyuzi na kuharibu sauti. Pili, ncha ndiyo inayolika. Sitaki mwana amsugue baba yake kwenye nyuzi mpaka aishe. Baba anakaa juu, pale kidole gumba kinapobana. Nyunyiza kidogo kwa ncha ya kisu, halafu kidogo tena. Yakirundikana, resini ya juu haitashika vizuri. Inua karatasi wima, usiiburute.

Changanya resini mpya, mimina tabaka la pili juu yake, la milimita 1 hivi. Funika na kisanduku vumbi lisiingie, uache saa 24. Usiguse. Najua mtatamani.

Kuitoa kwenye kalibu ni rahisi, kunja silikoni tu. Sasa barakoa, na msasa wa maji, namba 400, 800, 1500, 2000, kutoka mkali hadi laini. Sugua kingo na ncha, zilainishe mpaka ziteleze kwenye uzi wa gitaa. Uso wa piki upitishe msasa laini tu. Tabaka safi la juu lipo ili msasa usiyafikie majivu. Kabla ya kuipiga kwa nguvu, iache siku kadhaa ikomae, kama chupa inavyoelekeza.

Hii hapa niliyoimaliza wiki iliyopita, ya familia hiyohiyo. Sikilizeni... nyuzi za chini zinatoka nene, zimejaa. Piki ya milimita 2 haipindi, kwa hiyo mkono wa rithimu ulegeze kidogo.

Usiiache ndani ya gari juani, epoksi hulegea kwa joto. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu. Ncha ikianza kuchakaa, msasa wa 2000 unaifufua. Na mkitengeneza, tengenezeni mbili, maana piki hupotea, na hii haina ya kununua nyingine.